Mila hubeba jibu, swali likabaki njiani

Ebola ilipozuka Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 2000, Waacholi walikuwa na utaratibu wao wa kukabili maradhi ya namna hiyo, waliorithi kwa wazee. Maradhi yanayokuja ghafla kama upepo na kuzoa watu wengi kwa mpigo huitwa gemo. Wazee wakishatamka kwamba hii ni gemo, kanuni hubadilika siku hiyohiyo. Mgonjwa hutengewa nyumba yake, kiasi cha mita 100 kutoka nyumba nyingine. Nje husimikwa matete mawili marefu ili kila mpita njia ajue humo mna ugonjwa na asiingie. Kijiji chenye wagonjwa nacho husimika mawili njiani, na la tatu hulazwa juu yake kama kizingiti. Anayemlisha mgonjwa ni mtu aliyewahi kuugua akapona. Ngoma husimama, safari hupunguzwa, chakula cha mgeni hakiliwi. Aliyepona hukaa mwezi mzima wa kuandama kabla ya kuchangamana na watu, na aliyefariki huzikwa na mmoja wa waliopona, pembezoni mwa kijiji.

Barry Hewlett, mwanaanthropolojia aliyekwenda huko wakati wa mlipuko, aliziandika kanuni hizo moja moja. Ukizisoma leo unaona karantini kamili, pamoja na ufahamu kwamba aliyepona ana kinga, na zote ziliwekwa na watu ambao hawakuwahi kuona kirusi kwa hadubini.

Sasa rudi nyuma wiki chache, kabla wazee hawajatamka neno gemo. Mtu amefariki na msiba unaendeshwa kama misiba yote. Shangazi wa marehemu, dada wa baba yake, ndiye mwenye wajibu wa kumwosha na kumvika. Waombolezaji wananawa mikono katika bakuli moja. Maiti ya mtu aliyekufa kwa Ebola imejaa virusi kuliko hata mgonjwa aliye hai, kwa hiyo shangazi anaondoka pale na kifo mikononi. Katika mlipuko ule waliougua walikuwa watu 425, wakafa 224, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wanawake, kwa kuwa ndio wauguzi wa nyumbani na waoshaji wa wafu.

Ni watu walewale, na katika kipindi kilekile. Kanuni moja ya mila iliwasogeza karibu na ugonjwa, nyingine ikawatenga nao. Nimeanza na kisa hiki kwa sababu tunapozungumzia mila, watu hugawanyika kambi mbili kabla hata ya kuuliza mila yenyewe ni ipi. Kambi moja husema mwacha mila ni mtumwa, mjadala ukafungwa. Nyingine husema "mila potofu" na "mila zilizopitwa na wakati", nao ukafungwa vilevile. Kila kambi ina mifano ya kweli mkononi, ndiyo maana hazishindani hata siku moja. Naona swali lenye faida ni jingine: mila hujifunzaje? Ukielewa inavyojifunza, utaanza kuona ni wapi inaweza kuaminiwa na ni wapi hupotea.

Mtoto akiuliza kwa nini tunafanya hivi, jibu analopewa mara nyingi ni kwamba ndivyo tulivyowakuta wazee wakifanya. Wengi huliona jibu hilo kuwa uvivu wa kufikiri. Lakini ndimo nguvu ya mila ilimo. Kizazi fulani kiligongana na tatizo, kikajaribu hiki na kile, watu wakafa, waliosalia wakashika kilichowafaa. Kilichopita kwenda kwa watoto ni kitendo, bila maelezo ya sababu, kwa kuwa pengine sababu yenyewe hakuna aliyeijua. Mila hubeba jibu na kuliacha swali njiani. Anayeishika hahitaji kujua kemia wala tiba ili afaidike. Na kwa sababu hiyohiyo, mazingira yakibadilika hana namna ya kujua kwamba jibu lake sasa linajibu swali ambalo halipo tena.

Tazama mahindi. Kwa maelfu ya miaka wenyeji wa Meksiko na Amerika ya Kati wameyachemsha kwa maji ya chokaa au ya majivu, wakayaacha yalale humo usiku kucha, asubuhi wakayasuuza na kuyasaga. Mama aliyeinama juu ya jiwe lake la kusagia, ungemwuliza, angekwambia kwamba ganda hutoka upesi na unga hushikana vizuri. Yote ni kweli. Asichokijua, na ambacho wakati huo hakijui mtu yeyote duniani, ni kwamba niasini, mojawapo ya vitamini za kundi B, imefungwa ndani ya punje kiasi kwamba mwili hauwezi kuichukua, na kwamba chokaa ndiyo inayoifungua.

Baada ya Columbus kufika Amerika mwaka 1492, mahindi yalisafirishwa hadi Ulaya na kwingineko. Chokaa haikusafiri. Waliobeba mbegu waliyaona mahindi kuwa chakula na chokaa kuwa desturi tu ya wenyeji. Katika karne ya 18 wakulima maskini wa kaskazini mwa Hispania na Italia, ambao walikula mahindi karibu peke yake, wakaanza kuugua maradhi mapya. Ngozi ilibabuka kila palipopigwa na jua, tumbo likaharisha, akili ikapotea, hatimaye mtu akafa. Daktari Gaspar Casal aliyaeleza huko Asturias mwaka 1735, na Waitalia wakayapa jina la pelagra, yaani ngozi chungu. Mwanzoni mwa karne ya 20 yalikuwa yameenea katika majimbo ya kusini mwa Marekani, ambako yaliua watu wapatao 100,000 katika miongo michache. Madaktari wengi walishikilia kwamba yanaambukiza. Joseph Goldberger, aliyeanza kuyachunguza mwaka 1914 kwa niaba ya serikali ya Marekani, alionyesha kwamba chanzo ni mlo, na mwaka 1937 Conrad Elvehjem akabaini kwamba kinachokosekana ni niasini. Historia hiyo haikwisha huko. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, wanaolishwa mahindi ya msaada, walikatiwa mgao wa karanga, na pelagra ikawashika zaidi ya 18,000. Karanga zilikuwa zinawapa kile ambacho mahindi yaliwanyima.

Ningependa msomaji akae na mfano huu kidogo, kwa kuwa madhara ya mila huwa tunayatafuta kwenye mila zilizoshikwa. Hapa mamia ya maelfu ya watu waliumia kwa mila iliyoachwa. Kila unaposikia "hiyo ni desturi tu", kumbuka chokaa.

Lakini jibu kubebwa bila swali kuna hatari ya pili, na hiyo inategemea muda. Kisiwa cha Simeulue, nchini Indonesia, kiko karibu sana na mahali lilipoanzia tetemeko la Bahari ya Hindi la tarehe 26 Desemba 2004. Mwaka 1907 kiliwahi kupigwa na mawimbi makubwa, na tangu hapo bibi wamewasimulia wajukuu habari za smong: ardhi ikitikisika kwa nguvu kisha bahari ikarudi nyuma, usiokote samaki waliobaki ufukweni, kimbilia mlimani. Miaka 97 baadaye ardhi ilitikisika, watu wakapiga kelele "smong!" na kupanda vilima. Kisiwa kilikuwa na wakazi wapatao 78,000, na waliokufa ni 7. Upande wa pili, katika nchi kavu ya mkoa wa Aceh, waliopotea walikuwa zaidi ya 160,000. Mila ilijifunza vizuri hapo kwa sababu somo lenyewe lilikuwa wazi: aliyebaki ufukweni mwaka 1907 alikufa saa ileile, na aliyekuwa mlimani alimwona akifa.

Mila hujifunza vibaya pale ambapo kitendo na matokeo yake vimeachana kwa miaka. Katika nyanda za juu za Papua New Guinea, watu wa kabila la Fore walikuwa wakiwala wafu wao msibani. Walifanya hivyo kwa mapenzi na heshima, kwa kuwa waliona ni afadhali mpendwa wao aingie miilini mwa wanaomlilia kuliko kuachiwa funza. Wanawake na watoto ndio waliokula ubongo, na ndio walioanza kutetemeka, kushindwa kutembea, kisha kufa. Waliuita ugonjwa huo kuru. Mwaka 1957 Daniel Carleton Gajdusek na Vincent Zigas waliutangaza kwa ulimwengu wa tiba, na Shirley Lindenbaum na Robert Glasse, waliokaa na Wafore wakichunguza nani alikula nini na lini, wakasaidia kuunganisha maradhi na karamu za msibani. Chanzo ni prioni, protini iliyokunjika vibaya, ambayo huweza kukaa kimya mwilini miaka mingi, kwa wengine zaidi ya 50. Nani angeweza kuunganisha msiba wa utotoni na kutetemeka kwa uzeeni? Wafore walihisi ni uchawi, na kwa jinsi mambo yalivyoonekana mbele yao, sioni haki ya kuwacheka. Kuna jambo jingine aliloligundua Lindenbaum: desturi hiyo ilikuwa imeingia kwa Wafore karibu na mwanzo wa karne ya 20. Ilikuwa na miongo michache tu, nayo tayari ilisemwa kwa sauti ya "ndivyo tulivyo".

Tiba za asili zina tatizo hilohilo la muda, na ndiyo sababu kuzikubali zote ni kosa na kuzikataa zote ni kosa. Mimea ya jamii ya Aristolochia ilitumika karne nyingi Ulaya na Asia. Ina tindikali inayoharibu figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo, ila madhara hayo huja polepole mno mganga kuyaona. Yalidhihirika katika miaka ya 1990, baada ya wanawake nchini Ubelgiji waliomeza dawa ya mitishamba ya kupunguza uzito kuharibika figo. Kwa upande mwingine, Tu Youyou, mtafiti wa China aliyekuwa akitafuta dawa ya malaria, alisoma maandishi ya Ge Hong wa karne ya 4 BK yanayosema loweka konzi ya mmea wa qinghao majini, kamua, unywe maji yake yote. Alishangaa kwamba hapakutajwa kuchemsha. Akahisi kwamba moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa maabarani, akaikamua kwa njia isiyotumia joto kali, na mwaka 1971 akapata dondoo iliyozaa artemisinini, msingi wa dawa mseto za malaria. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Homa ya malaria huonyesha haraka kama dawa imefanya kazi, figo huchukua miaka. Mzee aliyeandika kitabu aliweza kujifunza la kwanza, la pili hakuweza.

Hatari ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo haihusu elimu. Inahusu nani anaumia na nani anaamua. Mila hujirekebisha pale uchungu unapomrudia mwenye sauti. Uchungu ukimwangukia mtu asiye na kiti kwenye baraza, inaweza kudumu miaka elfu bila kujifunza lolote.

Nchini China wasichana walifungwa miguu kwa karibu miaka elfu moja. Mtoto alianza akiwa na umri wa miaka mitano hadi minane hivi. Vidole vinne vilikunjwa chini ya unyayo, kidole gumba kikaachwa, kitambaa kirefu kikazungushwa na kukazwa, kikafunguliwa, kikakazwa tena zaidi, mpaka mifupa ivunjike na upinde wa mguu uinuke. Aliyekaza kitambaa kwa kawaida alikuwa mama mzazi, ambaye miguu yake mwenyewe ilikuwa imevunjwa vivyo hivyo na alikumbuka maumivu yake. Tunakosea sana tukidhani mama huyu hakumpenda mtoto wake, au kwamba alihitaji mtu wa kumweleza kwamba inauma. Alijua binti mwenye miguu iliyoachwa angekosa mume wa heshima, na katika jamii ile mwanamke asiye na mume hakuwa na pa kushika. Kwa binti mmoja, katika mji ambao wote wamefungwa, kukaza kitambaa lilikuwa jambo la busara. Hiyo ndiyo mitego migumu kuliko yote: kila mtu peke yake yuko sahihi, na wote kwa pamoja wanawaumiza watoto wao.

Amri ya kifalme ya karne ya 17 haikufua dafu. Kilichofanya kazi, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, kilikuwa kitu rahisi ajabu. Wazazi waliungana katika vyama na kuahidiana mambo mawili: hatutawafunga binti zetu miguu, na wana wetu hawataoa waliofungwa. Ahadi ya kwanza bila ya pili isingekuwa na maana. Katika wilaya ya Dingxian, ambako karibu wanawake wote waliozaliwa kabla ya 1890 walikuwa wamefungwa, wasichana waliozaliwa baada ya 1919 hawakufungwa hata mmoja. Mila ya miaka elfu iliondoka ndani ya kizazi kimoja.

Ukeketaji umejengwa juu ya msingi uleule. UNICEF ilikadiria mwaka 2024 kwamba wanawake na wasichana zaidi ya milioni 230 walio hai wamekeketwa. Inatia uchungu kuona namna tulivyorudia makosa yaleyale. Mwaka 1956, huko Meru nchini Kenya, baraza la wazee la Njuri Ncheke lilipiga marufuku ukeketaji kwa msukumo wa serikali ya kikoloni. Wasichana wakaenda porini na nyembe, wakakeketana wenyewe. Walijulikana kama Ngaitana, yaani nitajikeketa mwenyewe. Katika miaka mitatu zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa kwa kuvunja marufuku ile. Kwa wasichana hao ukeketaji ulikuwa mlango wa kuingia utu uzima, na walichokiona ni mlango kupigiliwa misumari na watu wasiowajengea mwingine.

Linganisha na Senegal. Tarehe 31 Julai 1997 wanawake wa kijiji cha Malicounda Bambara, waliokuwa wamemaliza mafunzo ya shirika la Tostan kuhusu afya na haki zao, walitangaza mbele ya watu kwamba wameacha kukeketa. Walitukanwa na majirani hata wakajuta. Aliyewaokoa, nadhani, ni imamu wa kijiji cha jirani, Demba Diawara wa Keur Simbara. Yeye mwanzoni hakukubaliana nao, mpaka alipowauliza wanawake wa familia yake na kusikia yale ambayo mwanamume hakuwahi kuambiwa. Kisha akasema jambo ambalo wataalamu wa semina hawakuwa wameliona: kijiji kimoja hakiwezi kuacha, kwa sababu hatuoani ndani ya kijiji kimoja. Akashika njia kwa miguu, mzee mzima, kijiji hadi kijiji, kote waliko wakwe na mashemeji, akikaa na watu na kuwasikiliza. Februari 1998 vijiji 13 vilitangaza kwa pamoja huko Diabougou. Sheria ya nchi ilifuata Januari 1999. Tamko halimalizi kila kitu, na wapo wanaotamka mchana na kuendelea usiku, lakini Diawara alikuwa amegusa fundo lenyewe. Binti wa kwanza asiyekeketwa hakuhitaji tena kuwa shujaa wala kukosa mume.

Nirudi kwenye Ebola. Mwaka 2014 ilipozuka upya Guinea, Liberia na Sierra Leone, mazishi yalikuwa tena mojawapo ya njia kuu za maambukizi, na mlipuko huo uliua watu zaidi ya 11,000. Mwezi wa Agosti serikali ya Liberia iliamuru maiti za Monrovia zichomwe. Kitabibu amri ilikuwa na mantiki. Familia zikaanza kuficha wagonjwa na kuzika usiku kwa mikono mitupu, na ugonjwa ukapata nafasi zaidi. Mazishi yana kazi: humpokea aliyekufa miongoni mwa waliotangulia na huwapa walio hai ruhusa ya kuendelea kuishi. Ukiliondoa jambo lote kwa sababu sehemu yake moja inaua, watu watalirudisha gizani.

Novemba mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa mazishi, uliotungwa pamoja na wanaanthropolojia na viongozi wa dini. Swali lililokuwa limepotea sasa liliulizwa: katika msiba, ni nini hasa familia haiwezi kukosa, na ni nini hasa kinachoambukiza? Timu ya mazishi ikaelekezwa isifike ikiwa imeshavaa mavazi ya kujikinga yanayoficha uso. Kwanza wasimame uani kama watu, watoe pole, wajitambulishe, waulize familia ingependa nini. Ndugu waweze kuchimba kaburi, kutazama, kusali, kuchagua nguo ya kuwekwa juu ya jeneza.

Kwa Mwislamu, ambaye maiti yake ni wajibu ioshwe, hakikutafutwa kitu kigeni. Tayamamu ipo tangu awali, kwa ajili ya pale ambapo maji hayapo au yanadhuru. Mwislamu mmoja katika timu, akiwa amevaa glavu, hupiga viganja juu ya mchanga safi na kuvipitisha juu ya mikono na uso wa marehemu aliye ndani ya mfuko uliofungwa. Sanda nyeupe huzungushwa juu ya mfuko huo. Imamu husimama mbele kwa umbali kidogo, ndugu wanapanga safu nyuma yake, wanamsalia mtu wao.